Mkia wa Kisu cha Juu ya Mlango

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umechokaje. Akasema kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Nikamjibu kwamba maisha yangu yote sijapanda ngazi hata moja nilipoweza kumtuma mtu. Hakucheka. Daktari asiyecheka ni dalili mbaya kuliko homa.

Basi nimeanza daftari hili. Nina miaka themanini na moja, meno ya bandia juu na chini, na dhambi moja kubwa. Ndogo sizitaji. Kila mtu anazo, na zangu zilikuwa na sababu.

Leo mjukuu wangu, binti wa marehemu mwanangu, kaleta karatasi za ofisi ya usajili. Anataka chapa ya karakana yetu iandikishwe kabla wajanja hawajaiwahi. Ofisi inataka historia ya umiliki: nani alianzisha, nani alirithi, kwa njia gani, na mwishoni sahihi ya mmiliki wa sasa. Mmiliki wa sasa ni mimi. Afisa atakuja mwenyewe Ijumaa ya wiki ijayo. Mjukuu kasema, babu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii, andika. Ni kweli. Katika ukoo wa wafua visu, mimi pekee nilimaliza sekondari. Ndiyo maana wananiita Karani. Niliamua zamani kwamba ni sifa.

Kurasa mbili zikatiririka zenyewe. Babu alianza na fuawe moja na mivuo ya ngozi ya kupulizia moto, katika chumba hiki hiki ninacholala. Visu vyetu vina chapa ya nyumba kwenye bapa, lakini jina la fundi halionekani. Fundi hukata alama yake kwenye mkia wa kisu, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, kisha mpini unaifunika. Babu hakutaka fundi ajivune mbele ya mteja. Alama yangu ni mikato mitatu. Ya dada yangu ni alama ya kujumlisha.

Nikafika kwa mmiliki wa tatu. Kalamu ikasimama.

Niseme hapa, ambapo hakuna asomaye. Miaka hamsini na tatu iliyopita, macho ya baba yalipokwisha kwa moshi na cheche, alitangaza kwamba karakana itakwenda kwa mwenye kisu bora kati yetu wawili, mimi na dada yangu. Yeye naye aliipata hivyo. Visu viwili, mipini sawa, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha mwenyewe: changu cha bluu, cha dada cheupe. Wenzangu walipokwenda kula mchana niliingia nikabadilisha vitambaa. Kazi ya dakika moja. Baba akakata kamba, akakata karatasi iliyoning'inia, akanyoa vinyweleo vya mkono wake, kisha akainua kimoja na kuuliza ni cha rangi gani. Fundi wetu wa mipini akamjibu: bluu. (Fundi huyo baadaye alimwoa dada yangu. Ndiye Shemeji. Nitamrudia, kwa bahati mbaya.) Kisu kilichoshindwa kikarudishwa motoni, ndiyo kanuni. Kilichoshinda kikatundikwa juu ya mlango, na bado kipo.

Dada akarudi tanuruni. Akaendelea kuchovya visu kwenye mafuta, nami nikaendelea kuandika risiti.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi nimekula nyama miaka hamsini na tatu kwa kisu cha dada yangu.

Nataka kuungama kabla sijafa. Nataka pia kubaki kwenye historia. Sioni kwa nini mambo haya mawili yasikae chumba kimoja, yakipangwa vizuri.

Jumanne, 5 Agosti

Mbinu ya kwanza: ukungu. Nimeandika: "Baada ya hapo karakana ikapita katika mikono ya familia hadi leo." Sentensi safi. Haina uongo hata punje.

Mjukuu kaisoma akakunja uso. Akauliza mikono ya nani. Nikasema ya familia. Akasema babu, kwa babu yako umeandika mpaka rangi ya mbuzi aliyetoa ngozi ya mivuo, kwako wewe mwenyewe mstari mmoja tu? Nikasema ni unyenyekevu. Akacheka hadi akashika ukuta. Sikupenda.

Alasiri kaja Shemeji na ubao wake wa drafti. Ana miaka sabini na tisa, sikio moja limekufa kwa kelele za nyundo, na anacheka kila kitu tangu nilipomfahamu. Kanifunga mara tatu. Nikamwambia kuhusu moyo wangu, kwa utulivu, kama mtu aliyejiandaa. Akasema yeye figo ina mawe mawili. Akaonyesha ukubwa wake kwa vidole. Akasema moyo kila mtu anao, lakini mawe! Nimelala nimechukia. Hata kufa siwezi bila huyu mtu kunizidi.

Lakini hasira imenizalia wazo. Ushahidi pekee uko ndani ya mpini wa kisu cha juu ya mlango: alama ya kujumlisha ya dada yangu. Nikikipata, nikaifuta alama kwa tupa, nikaurudisha mpini mahali pake, basi nitakuwa huru kuungama. Nitaungama kila kitu! Watasema mzee anaweweseka, watafungua mpini, hawataona kitu. Mimi nitakuwa nimesema ukweli, nao watakuwa hawakuuamini. Huko niendako hawahitaji ushahidi. Ofisi ya usajili inauhitaji.

Ajabu, sijawahi kuwa na akili kama hii nilipokuwa mzima.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya.

Kisu kiko juu, mimi niko kitandani. Nikaamua kutumia ugonjwa. Nikajilaza chali, nikalegeza taya, nikaita kwa sauti ya mbali: nileteeni kisu.

Sikulitafakari vya kutosha.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, jitu la kilo mia moja, kaingia mbio akanishika mikono yote miwili. Kaniambia mjomba, usifanye hivyo, maisha ni matamu. Mjukuu akalia. Nikaeleza kwamba nataka tu kukitazama kile cha juu ya mlango. Wakatazamana. Mpwa akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake yeye husikika barabarani, kwamba hata kachagua kipi.

Wameondoa kila chenye makali chumbani. Wembe. Mkasi. Uma! Katika nyumba inayotengeneza visu mia nne kwa mwezi nimekula chungwa kwa kijiko. Daktari kaletwa. Kaniuliza kama nina mawazo mazito. Nikasema ninayo, lakini si hayo. Kaandika kitu.

Shemeji kaja kunisalimu. Kacheka tangu mlangoni hadi kwenye kiti.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu nyingine: kuungama kidogo kidogo, kama mtu anayeingia maji baridi.

Nimemwita dada yangu. Ana miaka sabini na sita na bado ndiye anayesimama kwenye tanuru. Fundi mwingine huangalia saa. Yeye huangalia rangi ya chuma na kusema "sasa," na huwa ni sasa. Wafanyakazi wanamwita Tupa. Si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi.

Kaketi, mikono imejaa masizi. Nikaanza. Nikasema dada, kuna jambo nililifanya ujanani, nimelificha, wewe ndiye uliyeumizwa nalo zaidi. Nikanyamaza ili uzito uingie.

Akauliza: wangapi?

Nikauliza wangapi nini. Akasema watoto wa nje, kaka. Akasema yeye alishahisi, hasa kipindi kile nilichokuwa nikipeleka visu mji wa pili kila Alhamisi na kurudi nimenyoa ndevu. Nikasema hapana! Akasema usione haya, sote tumeshazeeka, wape majina tuwatafute wapate kukuzika.

Nilikasirika. Halafu, niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Nikachelewa kukanusha. Alipoondoka alikuwa na uhakika wa wawili.

Jioni mpishi wa hoteli, mteja wetu, kanipa mkono kwa heshima mpya.

Jumamosi, 9 Agosti

NIMEKIPATA. Lakini ngoja.

Nilimwambia mjukuu kwamba ofisi itataka vipimo vya kisu cha juu ya mlango, kwa kuwa ndicho hati yetu ya urithi. Urefu, upana, uzito. Huyu ni mtoto wa kuamini karatasi. Kapanda ngazi, kakitoa, kakipangusa vumbi, kaniletea na rula. Akataka kukaa nami, kwa sababu ya yale ya Jumatano. Nikaapa. Akanipa nusu saa. Nikaomba na tupa ndogo. Nikasema ni ya kucha za miguu, na kwa umri wangu huo si uongo kamili.

Mpini ulikuwa umekauka, pini mbili za shaba zinacheza. Nikazing'oa kwa koleo ya waya niliyoificha ndani ya soksi. Jasho, moyo unapanda zile ngazi za daktari. Mpini ukatoka. Nikauinua mkia kwenye mwanga wa dirisha, tupa mkononi.

Hakuna alama ya kujumlisha.

Kuna nusu mwezi.

Nikaugeuza. Nikapangusa miwani. Nusu mwezi! Katika karakana hii ni mtu mmoja tu aliyewahi kukata nusu mwezi kwenye chuma. Mtu mwenye mawe mawili.

Na hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Shemeji na ubao wa drafti.

Nikakikalia kisu. Mpini nikautumbukiza kwenye kikombe cha chai. Akapanga kete bila haraka. Akakaa saa mbili. Akasema Karani, leo umekaa wima sana, afya inarudi. Akasema hata chai hunywi, mchezo umekukolea. Akanifunga mara tano. Kila nilipotaka kusogeza kete ya mbali ilinibidi nifikirie upande wa pili wa mwili wangu kwanza.

Nimetobolewa mahali ambapo siwezi kumwonyesha daktari bila maelezo.

Jumapili, 10 Agosti

Sijaelewa, lakini nimefikiri kutwa nzima.

Kisu kilichokuwa kwenye kitambaa cheupe hakikuwa cha dada. Kilikuwa cha Shemeji. Kilifikaje? Sijui. Ninachojua ni hiki: nikiungama sasa, aliyeibiwa si dada yangu, ni yeye. Kwenye historia, mmiliki wa tatu atakuwa mwajiriwa wetu wa mipini, anayenicheka tangu nikiwa na nywele. Afisa atapiga muhuri. Nitazikwa na Shemeji atatoa hotuba!

Kwa dada nilikuwa tayari kufa mwenye hatia. Kwa Shemeji, hapana. Toba nayo ina mipaka.

Nikashika tupa niufute ule nusu mwezi. Nikaiweka. Nikaishika. Nikaiweka. Si dhamiri iliyonizuia, ni vidole. Haviwezi tena hata kusugua chuma. Ufundi wangu ulikuwa mbovu nikiwa na nguvu, sembuse leo.

Kwa hiyo kisu kirudi kilivyo, na mimi ninyamaze, nife. Tatizo: mpini. Fundi wa mipini ni mmoja tu nyumbani hapa, na siwezi kumwita. Pini moja imepotelea kwenye shuka. Gundi sina. Nina dawa ya kubandikia meno bandia. Inashikilia meno yangu hata nikitafuna mahindi. Nikajaza tundu la mpini, nikausukuma mkia, nikaubana kwa magoti nikihesabu hadi mia tatu. Umeshika!

Mjukuu kakitundika mahali pake. Nikampa vipimo vya kubuni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imefika miaka hamsini na tatu na bado inakwenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Imefika mwisho leo, saa nne na robo asubuhi.

Karakana ina joto. Dawa ya meno bandia haipendi joto. Mpini ukabaki juu kwenye kitanzi chake cha waya, kisu kikashuka peke yake, ncha mbele, kikajikita kwenye kizingiti kati ya kiatu cha mpwa wangu na kiatu cha mpishi wa hoteli. Mpishi kasema ni kisu kizuri sana. Kisha kaketi chini.

Niliusikia ukimya kutoka kitandani. Karakana haijawahi kunyamaza mchana wa kazi tangu baba afe. Halafu sauti ya mpwa, ile yake ya chini: "Hii si alama ya baba?"

Wakaja wote chumbani kwangu. Mpwa kashika kisu. Mjukuu kashika mpini, anaunusa. Akasema, babu, hii ni dawa ya meno yako.

Basi nikaungama. Si kwa namna niliyoipanga. Nililia, nikakohoa, nikataja kitambaa cha bluu, cheupe, saa ya kula mchana, kila kitu. Nikasema karakana haikuwa yangu. Nikamtazama dada yangu nikingoja ulimi wake.

Dada alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Akakaa kwenye ncha ya kitanda. Akasema polepole kwamba kisu kile hakikuwa chake. Alikuwa ameshafua cha kwake, lakini usiku na mchana alikuwa akiona kasoro. Akaogopa. Akamwomba fundi wa mipini ampe kimoja alichojifulia mwenyewe, akakifunga kwenye kitambaa cheupe. Kilipoinuliwa kwenye bluu alijua mara moja nimeiba. Lakini angesema nini? Mwizi hapigi kelele za mwizi. Miaka hamsini na tatu amekuwa akinichukia kwa adabu, akijichukia na mwenyewe.

Sote tukamgeukia Shemeji. Alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti, mpwa kamshika kwapani asianguke. Bila shaka! Yeye ndiye aliyeweka mipini. Aliiona mikia yote miwili siku ile. Alipotaja "bluu" mbele ya baba alishajua kila kitu. Ndicho alichokuwa akicheka. Nusu karne!

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Ningesema nini, Karani? Kwamba mtoto wa tajiri kaiba kisu alichokiomba binti wa tajiri?" Halafu akasema alikitoa kisu kwa sharti moja, kwamba dada yangu akubali posa yake. Akakubali. Akasema: "Mimi kwa kisu kimoja nilipata mke. Wewe ulipata vitabu vya risiti."

Sina cha kuandika zaidi.

Jumanne, 12 Agosti

Ninacho.

Mjukuu, mtoto wa kuamini karatasi, kauliza asubuhi: bibi, kile chako ulichokiona kina kasoro kilikwenda wapi? Dada akasema hakikwenda popote, kipo jikoni. Ndicho anachokatia vitunguu. Nikakumbuka: kisu cheusi, mpini umelika, kimekuwa kikikata vitunguu vyangu tangu nioe, tangu nifiwe, hadi juzi.

Wakanibeba na kiti hadi karakana. Mpwa kaviondolea mipini, akaonyesha mikia: huu nusu mwezi, huu alama ya kujumlisha. Akavinoa vyote kwenye jiwe moja, mikono ile ile, idadi ile ile. Kimoja hakijawahi kukata kitu tangu siku ya baba. Kingine kina miaka hamsini na tatu ya vitunguu. Kamba: vyote vikakata. Karatasi ikaning'inizwa. Cha Shemeji kikapita na kuacha mchaniko kidogo pembeni. Cha dada kikapita, na kwa muda karatasi haikujua. Kisha nusu ya chini ikaanguka.

Shemeji aliacha kucheka. Kwa mara ya kwanza! Nilitaka kusherehekea. Nikamwona dada yangu.

Kasimama na kile kisu cha vitunguu, anakigeuza. Kasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto: "Kumbe changu kilikuwa kinatosha."

Akarudia. Kumbe kilikuwa kinatosha.

Nimeandika hapo juu kwamba niliiba karakana. Nilikuwa sijui nilichoiba. Dada angeshinda. Hakuwa na haja ya kisu cha mtu, wala mimi sikuwa na haja ya kujua. Kama ningekaa kula na wenzangu mchana ule, na kisu cha Shemeji kikashinda kwa jina la dada, angalau siku moja wangekilinganisha na cha kwake, wakacheka, wakajua. Mimi niliifunga hadithi ile ndani ya mpini. Nusu karne mwanamke huyu amesimama motoni akisema "sasa," na huwa ni sasa, huku akiamini yeye ni fundi wa pili.

Nikamwomba msamaha. Nilitaka kupiga magoti, mpwa akasema mjomba, ukishuka nani atakuinua. Dada kanirudisha kitini. Kasema: "Nimekusamehe, kaka. Lakini usife wiki hii, nina kazi nyingi."

Shemeji naye kamwomba radhi mkewe kwa kisu kilichoacha mchaniko. Kasema ndoa ibaki lakini.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika historia upya. Ukurasa wa tatu: "Mmiliki wa tatu kwa haki ni binti wa mmiliki wa pili. Kaka yake aliishika kwa hila kwa miaka hamsini na tatu." Nikalia juu ya neno hila. Nilikuwa nimefikiria "kwa muda." Mjukuu kasema muda si njia ya umiliki.

Mpwa kaniambia kwamba wale watoto wangu wawili wa mji wa pili bado wanatafutwa. Nimemwambia waache. Kaniuliza kama nina uhakika. Nimesema nitafikiri.

Ijumaa, 15 Agosti

Afisa wa usajili kafika saa tatu. Mama mwembamba, mkoba mkubwa. Kasoma kurasa zote amesimama. Alipofika kwenye hila kavua miwani. Kasema fomu ina visanduku vitatu tu: urithi, ununuzi, zawadi. Hila haina kisanduku. Dada kauliza kama hakuna "mengineyo." Kipo, kidogo, chini kabisa. Nimeingizwa humo. Dada kaweka sahihi kama mmiliki, kwa mkono wenye masizi, kaacha na alama ya dole gumba bila kuombwa. Afisa kapiga muhuri. Kisha kanunua visu viwili.

Nimejisikia mwepesi. Kama mtu aliyeteremka ngazi.

Alipoondoka, dada kawakusanya watu. Kasema yeye ana miaka sabini na sita na hatarudia kosa la kungoja. Mmiliki wa nne apatikane sasa, kwa kanuni ya baba. Wanaotaka ni wawili, mpwa wangu na mjukuu wangu. Kila mmoja afue kimoja, mipini sawa, vitambaa, Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Na safari hii mikia ionyeshwe mbele ya watu kabla mipini haijawekwa.

Mpwa akauliza nani atapima. Anatakiwa asiyeona bila miwani, ajuaye visu, na asiye na la kuficha tena. Shemeji kasema yupo mmoja tu. Wote wakageuka kitandani kwangu. Dada kasema kaka, baada ya yote haya, wewe ndiye ninayekuamini, kwa sababu umeshajua inavyouma.

Nimelia mbele ya watu. Sina aibu. Nimeapa kwa mkono juu.

Halafu wakaondoka, nikabaki na mjukuu wangu. Yatima wangu mmoja. Nikamwambia, kwa utani tu, kwamba akiiviringisha kidogo pembe ya bapa karibu na mpini, kidole changu kitajua. Kakasirika! Kasema babu, huna haya, wino haujakauka. Kasema atashinda kwa kisu au atashindwa kwa kisu. Nikamsifu. Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Mtoto mwaminifu sana. Ndiyo maana inabidi alindwe. Mpwa ni fundi mzuri, sikatai, lakini amefundishwa na Shemeji, na hebu fikiria Shemeji akiwa baba wa mmiliki. Atacheka hadi kaburini kwangu.

Kabla hajatoka mjukuu kaniomba leso yangu moja ya kufungia kisu chake, kwa heshima. Nimempa ile ya manjano. Niliipaka kwanza dawa ya kuchulia mgongo, ile yenye harufu kali, matone mawili tu, mahali mpini utakapolala. Bila miwani macho yangu si kitu, lakini pua haina neno. Yeye hajui, kwa hiyo yeye ni msafi. Na huku si kubadilisha vitambaa. Sijagusa kitambaa cha mtu mwingine yeyote. Nimejifunza.

Bila shaka nitaungama. Wala sitangoja miaka hamsini. Barua nimeshaiandika, nimetubu vizuri kabisa, kurasa mbili. Nimeacha nafasi ya tarehe.